Somo: Kutoa upepo kwenye breki za gari la zamani

Wakuu, tuanze na pedeli yenyewe. Ukikanyaga breki ikawa laini kama unakanyaga sponji, na ukipampu mara mbili tatu ikapanda na kukaza, hapo kuna upepo ndani ya mfumo. Oili haibanwi, upepo unabanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inaishia kubana upepo badala ya kusukuma pedi. Lakini ukiwa kwenye foleni umekanyaga na kushikilia, halafu pedeli inazama polepole hadi chini, usihangaike na somo hili kwanza. Hizo ni raba za masta silinda, ile pampu ya oili inayosukumwa na pedeli, zimekwisha, au kuna mahali panavuja. Piga magoti, mulika tochi ndani ya tairi zote nne, tafuta palipolowa.

Somo hili ni la magari yasiyo na ABS (mfumo wa umeme unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki), zile Corolla na Mark II za miaka ya 90 ambazo bado tunazo mjini. Ukitaka kulifanya vizuri, tafuta mtu mmoja wa kukanyaga ambaye atakusikiliza.

Vifaa: spana ringi namba 8 na 10, mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, chupa tupu, maji ya kumwagia, na kopo la oili ya breki ambalo halijawahi kufunguliwa. Soma maandishi kwenye kifuniko cha kitenki cha oili ya breki, kilicho juu ya masta silinda, utaona DOT 3 au DOT 4, yaani aina ya oili inayotakiwa. Kuhusu kopo kutofunguliwa naomba mnisikilize. Oili hii inanyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani mnaijua. DOT 3 mpya inatakiwa ichemke si chini ya nyuzi joto 205. Ikishanyonya maji ya kutosha kiwango kinashuka hadi karibu 140. Ukizungukia Sinza huenda usione tofauti. Ukishuka mteremko mkali wa Kitonga umepakia familia na mizigo, breki zinapata moto, yale maji yanageuka mvuke, na mvuke unabanwa kama upepo. Kopo lililokaa wazi kwenye kabati tangu mwaka juzi ni la kutupa.

Jioni ya siku moja kabla, pulizia oili ya kulainisha kutu kwenye nati za upepo, zile ndogo zenye tundu katikati, nyuma ya kila kalipa (inayobana pedi kwenye breki za diski) au wili silinda (inayosukuma shuu kwenye breki za dramu). Chumvi ya bahari inazishika sana. Tumia ringi, spana ya mdomo itazila kona. Nati ikikataa, gonga taratibu pembeni yake kwa nyundo, pulizia tena, subiri. Ikikatikia ndani umejitafutia kazi ya kutoboa au kununua kalipa nyingine.

Siku ya kazi, weka gari mahali tambarare, weka kabari, inua, kisha liweke juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Zima injini. Jaza kitenki.

Anza tairi iliyo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, mara nyingi mpangilio ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Baadhi ya magari yana mpangilio wake, kwa hiyo ukiwa na kitabu cha gari, fuata kitabu.

Vaa ringi kwenye nati, chomeka mpira, ncha ya pili izame kwenye oili kidogo ndani ya chupa. Halafu zungumzeni hivi, kwa sauti:

"Pampu mara tatu, taratibu." Akipampu haraka haraka anaukata upepo kuwa povu dogo dogo lisilotoka.
"Shikilia." Naye anajibu, "Nimeshika."
Unafungua nati robo mzunguko. Pedeli inashuka, oili inatoka. Unafunga.
"Nimefunga. Achia."

Kazi nyingi zinaharibikia hapo kwenye kufunga. Mguu ukiachia kabla nati haijafungwa, upepo unavutwa ndani upya, na mnaweza kukesha. Angalia ule mpira: mwanzo oili inapita nyeusi kama chai ya rangi iliyokaa, na viputo vinafuatana kama shanga. Endelea mpaka ipite safi bila kiputo hata kimoja. Kila baada ya kurudia mara tano, inuka uangalie kitenki. Kikikauka umeingiza upepo kutoka juu na unaanza upya tairi zote.

Chini ya pedeli weka kipande cha ubao. Kwenye gari la zamani, sehemu ya mwisho ya masta silinda ambayo pistoni haifiki siku zote huwa na kutu. Ukizama mpaka chini, raba zinachanika pale.

Mkimaliza, kaza nati kiasi, rudisha vifuniko vyake vya mpira, mwagia maji popote oili ilipodondokea kwa sababu inakula rangi. Oili chafu ni sumu, usiiache kwenye chupa ya maji ya kunywa nyumbani kwenye watoto. Kisha pampu injini ikiwa imezimwa mpaka pedeli ikaze, shikilia, washa injini. Pedeli ikishuka kidogo na kusimama, busta, kile kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu, inafanya kazi. Jaribu uani kwa mwendo wa kutembea kabla ya kutoka barabarani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Tabata: Mkuu, nimerudia mara tatu, hakuna viputo, pedeli ni ngumu ila inakamatia chini sana.
Jibu: Huo si upepo, kaka. Kama nyuma una dramu, rekebisha breki shuu zisogee karibu na dramu.

Dada wa Mbagala: Niko peke yangu, nafanyaje?
Jibu: Dada, fungua nati, chomeka mpira, acha oili idondoke yenyewe huku ukijaza kitenki. Inachukua muda, lakini hakuna mguu wa kukosea.

Mdau wa Gongo la Mboto: Kijana wa gereji alinijazia oili ya stelingi (ya usukani) kwenye kitenki cha breki. Nitoe tu niweke nyingine?
Jibu: Hapana, na gari lisitembee. Oili hiyo inavimbisha raba za breki. Safisha mfumo wote, badilisha raba zote na mipira ya breki.

Mdau wa Kimara: Nimebadilisha kalipa za mbele, tangu hapo upepo hauishi.
Jibu: Yalinikuta hayohayo, Jumamosi mbili nzima na mwanangu kwenye pedeli. Gereji moja ilikuwa imefunga kalipa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, nati za upepo zikaangalia chini. Upepo hukaa juu, hautashuka kutafuta tundu. Angalia nati zako ziko upande gani, kisha utuambie.

Mdau wa Kimara: Ziko chini zote mbili. Nafungua sasa hivi.