Somo: Kuisoma beji ya kofia katika picha za wazee wetu waliokwenda vitani

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Picha nyingi za wazee waliovaa sare zimebaki ukutani au ndani ya kasha, na yule aliyeweza kutuhadithia keshatangulia mbele ya haki. Wajukuu wakiipata picha hukimbilia beji. Naomba tuifikie beji mwishoni, kwa sababu ni kitu kidogo kuliko vyote pichani, na jicho likishataka kuona jambo fulani humo huliona tu.

Kwanza, iokoe picha. Hewa yetu ya bahari huigandisha picha kwenye kioo cha fremu. Ikiwa imeganda usiibandue. Ipige skani na kioo chake, kwa nukta 1200 kwa inchi kama mashine inaweza. Ikiwa haikuganda, itoe taratibu utazame mgongo wake: mwandiko, tarehe, mhuri wa studio. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, kwa mfano, ilifunguliwa mwaka 1930. Picha yenye mhuri wake haiwezi kuwa imepigwa wakati wa Vita vya Kwanza, isipokuwa iwe nakala ya picha ya zamani zaidi.

Kisha hakikisha haikuchapwa kinyume. Shati la kiume lina vifungo upande wa kulia wa mvaaji, yaani kushoto kwako wewe unayetazama. Vikiwa upande wa pili, igeuze kwanza, maana hata tarakimu ya kwenye kofia utaisoma kinyume.

Pili, kofia yenyewe. Askari wa Keya (King's African Rifles, kwa kifupi K.A.R., jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) wa Vita vya Kwanza walivaa tarbushi, mara nyingi ikiwa imefunikwa kitambaa cha kaki. Katika Vita vya Pili utaona sana kofia pana ya ukingo, upande mmoja umekunjwa juu. Askari wa Mjerumani kule bara nao walivaa tarbushi yenye kifuniko cha kaki, lakini mbele yake kuna tai. Ukiona ndege, basi mzee huyo alikuwa upande wa pili wa vita, na familia iambiwe hivyo kwa heshima. Wapo waliopigana upande huo kisha Keya ikawaandikisha.

Msihukumu rangi. Filamu nyingi za zamani hazikuihisi rangi nyekundu, kwa hiyo tarbushi nyekundu hutoka nyeusi tititi.

Tatu, tarakimu. Hapa ndipo sisi tuliopita chuoni tunapowazidi wataalamu wengi. Vikosi vya Keya vilitambulishwa kwa tarakimu zilizokatwa kwa kitambaa cha rangi na kuwekwa kwenye tarbushi, nyingine za Kirumi na nyingine za Kiarabu. Mtu asiyeijua ٣ (tatu) ataiita doa au mkunjo wa kitambaa. Asiyeijua ٤ (nne) ataiona 3 iliyogeuzwa. Na ٥ (tano) ataidhani kifungo.

Mtego mkubwa ni alama yenye umbo la V. Kwa Kirumi ni tano, kwa Kiarabu ni saba, na kwetu tofauti hiyo ni nzito. Kikosi cha 5 kilikuwa cha Kenya. Kikosi cha 7 kiliundwa mwaka 1917 kwa kuwakusanya askari wa Zanzibar na wa Mafia. Basi kila mwenye picha yenye V hutamani iwe saba! Msiamue kwa kutamani. Tazama wenzake pichani: je, kuna mwenye tarakimu nyingine inayoonyesha kama ni Kirumi au Kiarabu? Tazama bega, penye herufi za shaba K.A.R. Tafuta barua, cheti au nishani. Bila ushahidi wa pili, andika “V, tano au saba” na uache hapo.

Nne, beji ya chuma. Baragumu lenye kamba ni alama ya vikosi vya bunduki, Keya ikiwemo. Mzinga wenye gurudumu ni wa wapiga mizinga. Fimbo iliyozungukwa na nyoka ni ya waganga. Juu ya beji nyingi pana taji, nalo lisome vizuri: tao zake zikipanda na kuviringa juu kama kuba, ni la wafalme, kabla ya 1952. Tao zikibonyea katikati, ni la enzi ya Malkia Elizabeth.

Maswali ya wanachama

*Swali, Wete:* Shikamoo mwalimu. Babu tumeambiwa alipigana Burma, lakini beji haionekani kabisa, kofia imeungua kwa mwanga. Begani kuna kama kichwa cha mnyama mwenye pembe.

*Jibu:* Marahaba mwanangu. Achana na kofia, bega limekwishasema. Ikiwa pembe iko puani, hicho ni kichwa cha kifaru, alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Iliundwa 1943, ikapita Ceylon (Sri Lanka ya leo), ikapigana katika bonde la Kabaw huko Burma na kuuvuka mto Chindwin Disemba 1944. Maneno ya familia yanakubaliana na picha. Alama hiyo lakini haitaji kikosi chake. Kwa hilo tafuta karatasi zake.

*Swali, Makunduchi:* Bibi anasema picha ni ya Vita vya Pili. Mimi naona taji limebonyea katikati.

*Jibu:* Ikuze tena, mwanga ukiwa wa ubavuni. Ikiwa kweli limebonyea, picha ni ya baada ya 1952. Hilo halimkanushi bibi: mzee anaweza kuwa alipigana, kisha akabaki jeshini au akaingia polisi. Muulize bibi: mzee alivaa sare hiyo wakati mtoto gani amezaliwa?

*Swali, Malindi:* Mjomba ni baharia. Utepe wa kofia umeandikwa H.M.S. tu, jina la meli hakuna. Limefutika?

*Jibu:* Halikufutika. Wakati wa Vita vya Pili majina ya meli yaliondolewa kwenye tepe ili adui asijue meli gani iko wapi. Kwa hiyo utepe wako unaelekeza kwenye miaka ya vita. Zanzibar ilikuwa na kikosi chake cha wanamaji wa kujitolea, basi anzia Nyaraka, Kilimani, ukiwa na jina kamili la mjomba, la baba yake na la babu yake.

*Swali, Chake Chake:* Naweza kuipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, niione beji vizuri?

*Jibu:* Hapana, ndugu yangu. Brashi laini na kavu tu, na usiguse uso wala kofia.