Jinsi ya kuandika historia ya kanisa la parokia mjini

Nilipoombwa kuandika historia ya parokia yetu, nilikimbilia wazee. Kosa. Kila mmoja alinipa mwaka wake, na wote walikuwa sahihi kwa namna yao: huyu alihesabu tangu misa ya kwanza chini ya turubai, yule tangu jiwe la msingi, mwingine tangu kanisa lilipotabarukiwa, yaani kuwekwa wakfu na askofu.

Kwa hiyo tenganisha tarehe hizo mapema. Parokia huundwa na askofu, kwa hati. Ulizia nakala jimboni. Kisha muombe paroko daftari la ubatizo. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa Katoliki za 1983 inaitaka kila parokia iwe nalo, pamoja na la ndoa na la marehemu. Usinakili majina ya watu. Hesabu tu waliobatizwa kila mwaka, utaona mtaa ulivyokuwa ukijaa.

Halafu zunguka ndani, polepole. Misalaba minne au kumi na miwili ukutani huonyesha mahali askofu alipopaka krisma, mafuta matakatifu, siku ya kutabaruku. Tazama altare, meza ya misa. Iliyoshikana na ukuta mara nyingi ni ya kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu (1962–1965). Iliyosimama peke yake ni ya baadaye, au ilisogezwa. Yetu ilisogezwa: kiraka cha vigae vya rangi nyingine sakafuni ndicho kilichoniambia.

Sasa rudi kwa wazee, na maswali madogo: nani alisomba mchanga, kwaya ilikaa wapi, paa lilivuja upande gani.