Kurekebisha kichujio cha barua taka kinachomtaka mtumaji ajithibitishe

Kichujio cha aina hii huizuia barua ya mtumaji mgeni, humtumia ombi la uthibitisho, na huiachilia barua hiyo pale tu anapojibu. Kinapokwama, wengi hukimbilia kukifumua chenyewe, ilhali mara nyingi kosa limo katika namna seva inavyokikabidhi barua. Kwa hiyo anza na logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva: jitumie barua kutoka anwani ngeni, kisha ufuatilie namba yake ya foleni hadi uone ilikoishia.

Ikiwa ombi lilitoka lakini jibu halikutambuliwa, chunguza anwani ya kujibia. Programu za uchujaji wa namna hii, kama TMDA, huweka msimbo katika anwani hiyo, baada ya jina la mtumiaji, na seva za barua pepe kama qmail, Postfix na Exim hazikubaliani juu ya alama ya kutenganisha viwili hivyo. Kwa kawaida qmail hutumia kistari, na huhitaji faili la .qmail-default la kupokea anwani hizo. Postfix haitenganishi chochote iwapo mpangilio wa recipient_delimiter, unaobeba alama hiyo, umeachwa mtupu. Exim nayo hutaka mpangilio wa local_part_suffix katika ruta (kanuni ya kuelekeza barua) inayohusika. Seva ikisubiri alama ya + huku kichujio kikitunga vistari, jibu lililoelekezwa kwa juma-confirm-123@example.org litakataliwa kwa maelezo kwamba mtumiaji huyo hayupo, ingawa juma mwenyewe anapokea barua nyingine bila shida.

Ikiwa ombi linakwenda kwa mtu asiyehusika, tazama kama kichujio kinapata kichwa cha Return-Path, ambacho hubeba anwani ya mtumaji iliyo kwenye bahasha, yaani ile ambayo seva hupeana zinapokabidhiana barua. Katika Postfix, pipe (njia ya kuikabidhi programu nyingine barua) iliyomo ndani ya faili la master.cf huhitaji bendera ya R. Katika Exim, washa mpangilio wa return_path_add. Katika qmail, pitishia barua kwenye programu ya preline.

Mzunguko usiokoma kati ya vichujio viwili, kila kimoja kikimdai mwenzake uthibitisho, huzuiwa kwa kutuma ombi lenye mtumaji mtupu, yaani <>, na kichwa cha Auto-Submitted: auto-replied kilichoelezwa katika waraka wa kiufundi wa intaneti RFC 3834 wa mwaka 2004. Barua zinazoingia zikiwa na alama hizo zisitumiwe ombi kamwe.

Kwa kuwa barua taka nyingi hughushi mtumaji, kila ombi linalozijibu humwangukia mtu asiye na hatia, na seva yako yaweza kuingizwa katika orodha za kuzuiwa. Binafsi nisingewasha kichujio hiki kabla ya kuhakikisha kwamba barua zinazoshindwa ukaguzi wa SPF (unaotazama kama kikoa cha mtumaji kimeiruhusu seva iliyotuma) zinakataliwa mlangoni, wakati mawasiliano ya SMTP, yaani ya seva kupokezana barua, bado yanaendelea.