Somo: Kumfundisha mtoto mdogo nyumbani kwa matembezi na vitabu, hapa Lubumbashi

Somo hili ni la wazazi wenye watoto wa miaka 3 hadi 8: wale ambao hawajaanza shule, wale ambao matenele (shule ya watoto wadogo kabla ya msingi) imewashinda kwa bei, na wale wanaorudi kutoka shuleni mchana kisha wanazurura lupangoni, yaani uani kwa nyumba, hadi jioni. Vya kununua ni vichache: kaye (daftari) moja, krayo za rangi, na kitabu kimoja cha kusomea pamoja. Kazi ngumu ni ya mzazi, nayo ni kunyamaza. Mtoto ndiye atakayesema.

Aliyeipanga njia hii ni mwalimu mmoja wa Uingereza, Charlotte Mason (1842–1923), ambaye mwaka 1892 alifungua nyumba ya kufundishia walimu katika mji mdogo wa Ambleside. Yeye alikataa mtoto wa chini ya miaka 6 akalishwe kwenye masomo rasmi. Alitaka ashinde nje, aone vitu vyenyewe, asomewe vitabu vizuri, halafu asimulie kwa mdomo wake. Alipendekeza masaa 4 hadi 6 ya kuwa nje kila siku ya hali nzuri ya hewa. Hapo mimi namwacha aendelee peke yake. Aliwaandikia watu ambao wengi wao walikuwa na wafanyakazi wa kupika na kufua. Mama anayeuza kwenye soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa mjini, hana masaa 6. Saa moja, mara mbili kwa wiki, inatosha kuanzia, mradi simu ibaki mfukoni.

Hatua ya 1. Chagueni mahali pamoja, mpazoee

Ukitaja maumbile, wengi wanawaza mbuga ya Upemba au Kundelungu, na hapohapo wanawaza gari na mafuta. Achana na hayo. Tafuta mwembe mmoja, kona ya lupango isiyofagiwa, au kichuguu kando ya njia ya Kipushi. Mahali pawe karibu kiasi kwamba mtoto wa miaka 3 anaweza kwenda na kurudi bila kubebwa.

Sababu ya kurudi palepale ni kwamba mwaka wetu unabadilika wazi kabisa. Juni na Julai asubuhi ni baridi na nyasi zimekauka. Agosti na Septemba, kabla tone la mvua halijaanguka, miti ya miombo inatoa majani mapya mekundu, na mtoto atakuuliza maji wameyapata wapi. Mwulize yeye anafikiri wametoa wapi. Halafu zinakuja jakaranda, kisha mvua, kumbikumbi, uyoga, masuku sokoni, na Desemba maembe. Anayeutembelea mti uleule kwa mwaka mzima anayaona yote hayo kwa mpangilio wake.

Bustani ya wanyama ya mjini ni nzuri kwa siku ya furaha, lakini usianze nayo. Simba aliye ndani ya ua anashangaza kwa dakika kumi, na hamwezi kumrudia kila wiki.

Jambo moja la kwetu ambalo vitabu vya Ulaya havitakuambia: huu ni mji wa madini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini katika Katanga. Kobalti ilikuwa nyingi mno, na watoto walikuwa nayo kuliko watu wazima. Mtoto hucheza chini na kutia mikono mdomoni. Kwa hiyo msifanye matembezi karibu na vilima vya taka za shaba, wala kwenye mito inayopokea maji ya viwanda, hata kama maji yanaonekana safi. Na kila mkirudi, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya bukari.

Hatua ya 2. Nenda, tazama, rudi uniambie

Hapa ndipo wazazi wanapoharibu. Wanafika, wananyoosha kidole, wanaanza kuhubiri: "Unaona hiki? Hiki ni kichuguu, mchwa wanaishi humo." Mtoto anaitika "ndiyo, papa" na hajaona kitu.

Fanya hivi. Kaa kivulini mahali unapowaona. Waambie: "Nendeni mkakizunguke kile kichuguu, mtazame vizuri, mrudi mniambie yote. Msikipande, msitie mkono wala kijiti kwenye tundu." (Nyoka hupenda vichuguu. Kagua wewe kwanza kabla ya kuwatuma.) Watarudi mbio na kusema: "Ni kikubwa!" Usicheke, usisahihishe. Uliza: "Udongo wake na huu tuliokalia, rangi ni moja? Juu kumeota nini?" Wasipojua, watume tena.

Mara ya pili watakuja na mengi: kuna mti umeota juu, udongo ni mwekundu zaidi, kuna njia nyembamba ya udongo inayopanda kwenye mti mkavu. Sasa umepata ruhusa ya kuongeza jambo moja. Moja tu. Siku hiyo unaweza kusema kwamba vichuguu vya huku Katanga hufika hata mita 8 kwenda juu. Siku nyingine, mkipita wanapofyatua matofali, waonyeshe kwamba udongo wa vichuguu ndio mara nyingi unaochomwa kuwa matofali. Mvua zikianza, sema kwamba ndani mle mchwa wanalima kuvu inayowalainishia majani na miti mikavu ili waweze kuila, na kwamba kutoka kwenye mashamba hayo ndipo uyoga mkubwa unachomoza. Kuna aina moja, Termitomyces titanicus, ambayo kofia yake hukaribia mita moja kwa upana. Mtoto ameshauona ukiuzwa barabarani bila kujua ulitoka wapi. Kichuguu kimoja kina masomo ya mwaka mzima, lakini ukiyamwaga yote kwa siku moja, wiki ijayo hatataka kwenda.

Jina la mmea au mdudu ukilijua kwa Kibemba, Kisanga au Kiluba tu, mpe hilohilo. Usipolijua kabisa, mwachie swali aende nalo kwa bibi.

Hatua ya 3. Kaye ya matembezi

Mkirudi, mtoto achore kitu kimoja alichokiona. Mtoto wa miaka 4 atachora duara na miguu tisa na kusema ni mchwa. Sawa. Wewe andika chini yake maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe. Usimshikie krayo, usimchoree wewe "ili ipendeze". Kaye ikionekana safi sana, ujue ni ya mama.

Hatua ya 4. Kusoma pamoja

Kitabu kizuri hutambulika kwa mtu mzima. Ukikisoma kwa sauti mara ya tatu na wewe mwenyewe hujachoka, kinafaa. Ukiona kila ukurasa unamwambia mtoto awe na adabu, anawe mikono, awatii wakubwa, kirudishe ulikokitoa. Mambo hayo anayasikia kutwa. Anachohitaji kwenye kitabu ni mtu au mnyama mwenye shida ya kweli, na lugha iliyoandikwa na mtu anayeipenda lugha.

Vitabu vya watoto vya Kiswahili hapa kwetu ni haba, na vinavyokuja vingi ni vya Kifaransa. Nina njia tatu. Ya kwanza ni African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, ambao una hadithi nyingi zenye picha kwa Kiswahili, bila malipo, na leseni yake inaruhusu kuzichapisha. Pakua mahali penye mtandao mzuri, peleka kwa mchapishaji wa avenyu yenu, shona kwa uzi. Ya pili ni Biblia: Yosefu na ndugu zake, Ruthu, Daudi porini, zisomwe kama zilivyoandikwa bila kuongeza mahubiri. Ya tatu ni hadithi za Kalulu, yule sungura mjanja. Bibi asimulie, wewe uandike kwenye kaye, na mwezi ujao mnakisoma kama kitabu chenu. Mimi naiona hii kuwa bora kuliko zote, kwa sababu mtoto anajua sauti ya aliyeitoa.

Soma dakika 10 hadi 15. Simama hata kama wanalia uendelee. Hasa wakilia uendelee.

Hatua ya 5. Kusimulia

Funga kitabu na useme: "Sasa nisimulie." Maswali ya kumtega, ya jina la mbwa au rangi ya nguo, hayana kazi hapa. Kumbuka umesoma mara moja tu, na alijua mapema kwamba hutarudia. Ndiyo maana alisikiliza. Atachanganya mwanzo na mwisho, atamwacha mtu muhimu, ataongeza simba ambaye hakuwemo. Mwache amalize. Kama kuna mkubwa, ndiye aongeze kilichosahaulika, baada ya mdogo kumaliza, kamwe si kabla.

Chini ya miaka 6 usimlazimishe. Akitaka kusimulia, msikilize. Asipotaka, mmesoma, inatosha.

Maswali ya wazazi

*Papa wa Ruashi:* Wangu ana miaka 5. Wenzake wa matenele tayari wanaandika majina yao, yeye hajui hata herufi. Si anachelewa?

Hachelewi. Akiuliza herufi, mpe: kwa makaa sakafuni, kwa kijiti mchangani. Anza na Kiswahili, maana Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa. Akishika a, e, i, o, u, halafu ba, be, bi, bo, bu, ameshapata ufunguo wa maneno mengi. Kifaransa kina herufi zinazoandikwa na hazisemwi. Kije baadaye, kikute anajua tayari kusoma ni kitu gani.

*Mama wa Kamalondo:* Kwetu ni saruji na duka. Matembezi ya wapi?

Tazameni mwezi. Kila jioni yenye anga wazi, mtoto achore umbo lake kwenye kaye. Baada ya siku 29 au 30 ataona umerudi ulipoanzia. Mchana kuna sisimizi kwenye ufa wa ukuta, kuna kunguru wenye kifua cheupe, na kuanzia Novemba kuna mbayuwayu waliotoka Ulaya kukimbia baridi. Panda maharage kwenye kopo, mawili juani na mawili gizani. Saruji haijawahi kuzuia kunguru.

*Tantine, Katuba:* Nalea watoto wa marehemu dada yangu. Naweza kuwatoa shule kabisa, niwafundishe mwenyewe?

Pole sana, tantine. Kwa walio chini ya miaka 6, fanya utakavyo. Kuanzia 6, waandikishe. Shule ya msingi ni lazima kwa sheria ya nchi, na tangu Septemba 2019 katika shule za serikali ni bure. Mwisho wake kuna mtihani wa kitaifa na cheti, na bila cheti milango ya mbele inakuwa migumu. Tumia njia hii mchana baada ya shule na Jumamosi. Darasa likiwa na watoto wengi mno, nyumbani ndipo atakapopata nafasi ya kusema sentensi tatu mfululizo bila kukatizwa.

*Mama wa Kampemba:* Watoto wakiokota uyoga porini, tule?

Hapana. Uyoga wa kula ununue kwa mama anayeujua tangu utoto wake. Kuna aina zinazofanana na za kula ambazo zinaharibu ini, na kupika hakuondoi sumu. Watoto wautazame, wauchore, wasiung'oe, wasionje.

*Papa wa Annexe:* Nina wa miaka 3, 6 na 8. Niwasomee kitabu kipi?

Cha yule wa 8. Wa 6 atashika nusu, wa 3 atacheza chini ya meza na kushika zaidi ya unavyodhani. Mpe udongo au maharage ya kuchambua, mikono iwe na kazi wakati masikio yanasikiliza.

*Mama wa Katuba:* Mwanangu ana miaka 7. Nikisema "nisimulie" anasema "nimesahau" na kuangalia chini.

Punguza kipande. Soma aya moja badala ya hadithi nzima. Usimtazame usoni anaposema. Chambua sombe, anyooshe maneno kwa wakati wake. Akikwama, mpe mwanzo tu: "Wanyama wote walichimba kisima, Kalulu akakataa..." kisha nyamaza, hata kama kimya kinakuwa kirefu. Ikishindikana achore, halafu akueleze mchoro. Na jioni, baba akirudi, usimwite mtoto aje "aonyeshe alichojifunza". Ukifanya hivyo, kesho atakuwa amesahau tena.