Kupanga safari ndefu ya tanga kwa ajili ya hisani: somo kwa wanachama wa Dodoma

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wanachama wetu wa Dodoma, Chamwino na Kongwa wanaotaka kusafiri kwa ngalawa, yaani mtumbwi wa tanga wenye mbao za kuelea pembeni, kutoka Mtwara hadi Tanga, ili kuchangisha fedha za maji safi katika vijiji vinavyosumbuliwa na trakoma, ugonjwa wa macho ambao wengi wetu tunauita vikope. Ugonjwa huu huenezwa na mikono michafu, vitambaa vya kujifutia na nzi wanaotua usoni, na mtoto asiye na maji ya kunawa uso huweza kuambukizwa tena hata baada ya kutibiwa.

Hatua ya kwanza: ondoeni sharti la kufika

Kabla ya kutafuta chombo, amueni jinsi michango itakavyoombwa. Watu hupenda kuahidi kiasi fulani kwa kila kilomita, au kutoa fedha siku chombo kitakapotia nanga Tanga. Utaratibu huo unapendeza kikaoni, lakini baharini ni hatari, kwa sababu nahodha anayeliona wingu zito likitanda kusini ataanza kuhesabu kilomita zilizobaki badala ya kutafuta mahali pa kujificha. Mchango utolewe kabla ya safari, na uende kwenye visima hata kama safari itaishia Lindi. Kwa sababu hiyo hiyo, msimwalike mgeni rasmi kwa tarehe maalumu. Sisi wa makao makuu tumezoea ratiba zenye saa na dakika, lakini upepo haupokei barua ya mwaliko.

Gharama za kukodi chombo, nauli, chakula na ada zilipwe na washiriki wenyewe, au na mfadhili anayejua kwamba hicho ndicho anacholipia, na ziwekwe katika akaunti tofauti na ile ya michango. Kabla ya kubandika tangazo la kwanza, muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri kuhusu kibali cha kuchangisha hadharani.

Hatua ya pili: chagueni msimu, kisha tarehe

Pwani yetu ina pepo kuu mbili. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, na Kaskazi hushika zamu yake kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Mkondo wa bahari wa pwani hii huelekea kaskazini, na huwa na nguvu zaidi wakati wa Kusi. Kwa hiyo anayetoka Mtwara kwenda Tanga wakati wa Kusi husukumwa na upepo na mkondo kwa pamoja, ilhali anayetaka kwenda kinyume atapiga bisho, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, kutwa nzima na jioni auone mnazi ule ule aliouacha asubuhi.

Hata hivyo, si kila mwezi wa Kusi unafaa. Juni na Julai upepo huwa mkali na mawimbi makubwa kwa chombo kidogo, na Aprili na Mei ni miezi ya masika, ambayo pia huweza kuleta vimbunga: Hidaya ilifika karibu na Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Kwa maoni yangu Septemba ndio mwezi wa kuchagua, kwa sababu Kusi imepungua ukali na mvua za vuli bado hazijaanza. Kila siku, kabla ya kung'oa nanga, someni utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kisha muwaulize wavuvi wa mahali hapo. Wavuvi wakibaki ufukweni, nanyi bakini.

Hatua ya tatu: jifunzeni maji kabla ya ramani

Hapa ndipo mtu wa bara anapokwama, kwa kuwa bwawa letu la Mtera halijai na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kuzidi mita tatu. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, tofauti hiyo ni ndogo sana. Maeneo ya Dar es Salaam na Zanzibar, siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kiasi cha saa nne. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi, hivyo baada ya wiki moja, saa kumi jioni ambayo mlitegemea kuingia bandarini kwa raha itawakuta mkikanyaga matope na miamba.

Maji hayapandi kwa kasi ile ile muda wote. Tuchukue tofauti ya mita 3.6: saa ya kwanza hupanda takriban mita 0.3, ya pili 0.6, ya tatu na ya nne 0.9 kila moja, ya tano 0.6, na ya sita 0.3. Maana yake ni kwamba saa mbili za katikati hubeba nusu ya maji yote, na hapo ndipo mkondo wa kwenye milango ya ghuba na midomo ya mito huwa mkali kupita kiasi. Pangeni kuingia mahali pageni maji yakiwa bado yanajaa, ili mkikwama kwenye fungu la mchanga, maji yenyewe yawanyanyue.

Hatua ya nne: gaweni njia

Kutoka Mtwara hadi Tanga, mkipitia Lindi, Kilwa, Dar es Salaam na Bagamoyo, kuna zaidi ya kilomita 600. Msipange zaidi ya kilomita 40 kwa siku, na muweke siku za kungojea, angalau moja kwa kila siku tatu za kusafiri. Kipande kigumu ni cha delta ya Rufiji, chenye mafungu ya mchanga, mikoko na mahali pachache pa kushukia. Msikianze mkiwa mmechoka. Jirani na Dar es Salaam, kaeni mbali na njia ya meli kubwa, na msisafiri usiku popote.

Hatua ya tano: chombo, nahodha na vibali

Mchukueni nahodha wa huko huko pwani, naye awe na neno la mwisho, hata kama mwenyekiti wetu yumo chomboni. Ngalawa ikaguliwe kwenye kamba zinazofunga matengo (zile mbao za pembeni), foromali (mti unaoshikilia tanga), mlingoti na tanga, na pawe na tanga la akiba. Kuhusu usajili na ukaguzi wa chombo, waoneni TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Mkipita katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia mtalipa ada, na kila mnaposhuka mjitambulishe kwa uongozi wa kijiji.

Maswali ya wanachama

Swali: Mimi nimekulia Kongwa na sijui kuogelea. Je, nitaachwa?

Jibu: Hutaachwa, dada, ila utajifunza kwanza. Tumia bwawa la kuogelea la hapa mjini, wala usijaribu Mtera, ambako kuna mamba na viboko. Jaketi la kuokolea litavaliwa na kila mtu muda wote, hata na anayeogelea vizuri.

Swali: Kwa nini tusitumie boti ya injini, tukamaliza mapema?

Jibu: Mchangiaji anavutwa na ugumu wa safari yenyewe, ndugu yangu. Hata hivyo, boti ya injini ya kusindikiza ni muhimu, na gharama yake iingie kwenye bajeti ya safari tangu mwanzo.

Swali: Maji ya kunywa kiasi gani?

Jibu: Lita tano kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili ambayo haiguswi. Yawekwe katika madumu madogo kadhaa, ili moja likipasuka mengine yabaki.

Swali: Sisi tutakaobaki Dodoma tutajuaje kama wako salama?

Jibu: Mtu mmoja atateuliwa kubaki na orodha ya wasafiri, rangi ya tanga na vituo vya kila siku. Nahodha atampigia simu anapoondoka na anapofika. Chomboni kutakuwa na redio ya mawasiliano ya baharini, ambayo chaneli yake ya dharura ni 16, na simu zitafungwa katika mifuko isiyopitisha maji. Ikifika saa kumi na mbili jioni bila taarifa, mtu huyo atapiga kwanza kwa boti ya kusindikiza, kisha kwa uongozi wa kijiji walichotarajiwa kufika, na wasipopatikana atapiga 112 bila kusubiri kikao.