Kura ya tatu kwa klasta ya seva mbili

Katika klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) ya Proxmox VE, mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva, yenye seva mbili, kila seva ina kura moja, hivyo moja ikizimika, iliyobaki hukosa wingi wa kura, saraka ya /etc/pve, yenye mipangilio ya klasta, huwa ya kusomwa tu, na mashine pepe iliyozimwa haiwezi kuwashwa hata kama diski yake ipo hapo hapo. Sakinisha corosync-qnetd, programu inayotoa kura ya tatu, kwenye kompyuta ya tatu iliyo nje ya klasta (Raspberry Pi yatosha kabisa) na corosync-qdevice, inayoziunganisha seva na kura hiyo, kwenye seva zote mbili, kisha endesha amri pvecm qdevice setup ikifuatiwa na anwani ya IP ya kompyuta hiyo. Kuiweka kura hiyo ndani ya mashine pepe ya klasta hiyohiyo si suluhisho la kutegemewa, kwani seva inayoiendesha ikizimika, kura hiyo nayo hupotea.