Kupanga marejeo ya risachi kabla hujapeleka kubaindi Wandegeya, Kampala

Kabla hujauliza koma inakaa wapi, uliza kwanza idara yenu inataka staili gani ya marejeo, maana APA na Harvard zinafanana mpaka unazichanganya bila kujua, kitabu kimoja umekiandika hivi kingine vile, na supavaiza hilo ndo la kwanza kuliona. Mi hapa naongelea APA toleo la 7, lile la 2019.

Kila chanzo ulichokitaja ndani lazima kiwepo kwenye orodha ya mwisho, na kilichoko kwenye orodha kiwe kimetajwa ndani. Basi. Chukua ripoti ya sensa ya Uganda ya 2014. Mara ya kwanza unaandika (Uganda Bureau of Statistics [UBOS], 2016), ukirudi tena (UBOS, 2016) inatosha. Mwaka huo usikuchanganye, sensa ni ya 2014 ila ripoti kuu ilitoka 2016, na sisi tunaweka mwaka wa kutoka. Kwenye orodha jina la shirika linakaa kwa kirefu, mwaka kwenye mabano, halafu jina la ripoti kwa italiki. Mchapishaji humrudii coz ni haohao UBOS, na Kampala usiiweke, toleo la 7 limefuta miji.

Kazi iko kwenye majina. Huku kwetu baba na mtoto mara nyingi hawana jina la pamoja, na mtu huyohuyo leo anaanza na jina la ukoo kesho na la ubatizo, sasa Mendeley, ile programu ya kupanga marejeo, itajuaje? Inageuza tu majina. Fungua makala yenyewe uone kaandikaje, urekebishe kwa mkono. Mshairi Okot p'Bitek kwa mfano anakaa p'Bitek, O., na hiyo p' ndogo usiitupe.

Waandishi wawili wataje wote kila mara, wakiwa watatu au zaidi ni wa kwanza na et al. (yaani na wenzake) tangu mwanzo. Ukinukuu neno kwa neno weka ukurasa, na nukuu ikifika maneno 40 itoe ikae aya yake bila alama za kunukuu.

Orodha ni ya alfabeti, haina namba. Mstari wa pili kuingia ndani usibonyeze spesi jamani, chagua orodha yote ubonyeze Ctrl+T kwenye Word, halafu sevu kama PDF ndo upeleke kuprinti, la sivyo kompyuta ya pale dukani itakuvurugia kila kitu.